Mchoro wa Wiki Kumi na Tisa

Cheke. Kimya. Kisha cheke tena, kidogo tu, kama punje tatu zinazogongana ndani ya kopo.

Mama alisimama katikati ya jiko lenye giza, kiberiti mkononi. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya njuga ya plastiki ya mwanawe mchanga, na mwanawe mchanga walikuwa wamemzika wiki tano zilizopita. Mumewe, mwoka mikate, ambaye alfajiri hiyo alikuwa ameshakwenda kazini, ndiye aliyefungasha nguo na vyombo vyote vya mtoto akavipeleka kwa dada yake ili visionekane tena nyumbani. Njuga tu ndiyo iliyotafutwa ikakosekana.

"Bibi Maswali," aliita taratibu. "Umelala au umeamka?"

"Nimelala," akajibu binti yake wa miaka sita kutoka chumbani, na njuga ikanyamaza chini ya mto.

Hakumgombeza. Aliwasha taa, akaketi mezani, akafungua kompyuta ya kuazima ya darasa la jioni. Kazi ya mwisho ilitakiwa imfikie mwalimu kabla ya saa mbili asubuhi. Ikichelewa, muhula mzima umekwenda na maji. Na ilikuwa imebaki kitu kimoja tu, ambacho kwa siku tatu mkono wake ulikuwa umekataa katakata kukifanya.

Muhula ulipoanza, mwalimu wa takwimu alimtaka kila mmoja alete namba za maisha yake mwenyewe. Fundi cherehani alileta vimo vya wateja na urefu wa suruali zao. Yeye alileta kadi ya kliniki. Mtoto alizaliwa mdogo, kwa hiyo alipimwa uzito kila wiki, na kila kipimo kikawa nukta moja kwenye mchoro: mstari wa chini wiki, mstari wa pembeni kilo.

Programu ya kuchorea ikiachwa yenyewe huweka alama zake kwenye mstari wa chini: sifuri, kumi, ishirini, basi. Lakini mwalimu aliwafundisha kuiamuru. Unaandika mahali unapotaka alama zikae, kisha unaandika maneno ya kila alama, nayo inatii. Usiku huo alirudi nyumbani anatembea kama anayeruka. Akampakata mtoto kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akaandika alama nane za mwaka mzima: kuzaliwa, kutabasamu, kushika, kugeuka, kukaa, kutambaa, kusimama, mwaka. Nukta zilikuwa tisa tu wakati ule. Zingine zingefuata, haraka ya nini?

Zilifuata hadi wiki ya kumi na tisa. Ile ya mwisho ilikaa chini kidogo ya iliyoitangulia. Homa ya mapafu haikungoja wiki ya ishirini.

Darasani hakumwambia mtu. Na siku tatu zilizopita, mchoro wake ulipotandazwa ukutani, mwalimu aliguna.

"Mama, nukta zako zote zimebanana upande mmoja. Huku kwingine shamba halijalimwa!"

"Anangoja mvua, mwalimu," fundi cherehani akadakia, na darasa zima likaangua kicheko.

Naye alicheka. Hilo ndilo lililomuuma njia nzima, kwamba na yeye alicheka.

"Futa alama zisizo na kitu," mwalimu alisema. "Kazi ya dakika moja hiyo."

Dakika moja. Sasa aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Neno *mwaka* likaondoka, herufi moja moja. *Kusimama* likaondoka. *Kutambaa*. Alipofika *kukaa* alifumba macho akafuta hivyo hivyo, kama anayechomwa sindano. Akaiamuru mashine ichore.

Ikagoma. Kwa herufi nyekundu ikamjulisha kwamba mahali ni nane, maneno ni manne, havilingani.

Alikuwa ameondoa maneno akasahau mahali pake. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ungekuwa mtihani angejicheka. Lakini aliisoma sentensi ile mara mbili, na yale machozi ambayo hayakutoka mazikoni, mbele ya mawifi na majirani waliomsifu kwa uvumilivu, yakamtoka yote juu ya meza ya jikoni. Mahali pangalipo. Maneno ndiyo hayapo.

Nyayo ndogo zikaja. Bibi Maswali alisimama pembeni yake, njuga kifuani.

"Mama, kompyuta imekukosea?"

"Hapana mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akafuta na zile namba nne za wiki zisizofika. Akachora tena. Mstari wa chini ukaishia kumi na tisa, na nukta zilizokuwa zimesongamana pembeni zikatawanyika, zikaenea ukurasa wote kutoka ukingo hadi ukingo. Hakulitarajia hilo.

"Hizo ni nini?"

"Ni mdogo wako. Kila kidoti ni siku aliyopimwa. Hapa alizaliwa, hapa alitabasamu, hapa alishika kidole cha baba, hapa akageuka."

Binti alikagua mstari kwa umakini wa fundi saa.

"Mbona hujaandika alivyocheka? Alicheka kwa sauti, nilipomchezea hii. Siku ile jino langu lilipong'oka!"

Mama aliikumbuka siku ya jino. Ilikuwa siku ya kliniki, na damu kidogo ilidondokea kwenye kadi. Akaitoa kadi kwenye droo. Doa la hudhurungi lilikuwa palepale, kando ya wiki ya kumi na tano.

Akaongeza mahali pamoja. Kisha akaongeza neno moja. Akahesabu kwa kidole, mahali patano, maneno matano, akaiamuru mashine ichore, na safari hii haikugoma. Dirishani kulikuwa kunapambazuka.

"Niitume?" aliuliza.

Bibi Maswali alitikisa njuga mara moja, cheke, akaweka kidole chake kwenye kioo, juu ya alama mpya.

"Hapa mdogo wangu alicheka."