Kumi Tu

Mwalimu wa udereva alikuwa amewafundisha washonaji, wachungaji na bibi mmoja aliyeogopa hata honi yake mwenyewe. Hakuna aliyemtia kichefuchefu kama huyu shemeji yake, mume wa mdogo wake. Bwana mzima, miaka ishirini anafundisha fizikia, hesabu zimemjaa hadi masikioni, halafu gari linamshinda! Naye mdogo wake ana mimba ya miezi minane. Yeye, dada mtu, akimtilia sahihi fomu ya mtihani, huyu ndiye atakayempeleka mdogo wake kliniki.

"Lile lori linakwenda sabini," shemeji alisema, kama yuko mbele ya ubao. "Mimi themanini. Nalizidi kumi tu. Kumi, shemeji! Mwendo wa baiskeli. Hatari iko wapi?"

Hata hajajibiwa, keshatoka kulipita. Walipofika ubavuni mwa lori, gari jeupe likachomoza mbele. Bwana hesabu akatoa macho, akaganda. Mwalimu akakanyaga breki ya pili iliyokuwa miguuni pake, akauvuta usukani, wakarudi nyuma ya lori. Gari jeupe likawapita huku likipiga honi.

"Kimahesabu nilikuwa sawa," shemeji alisema.

"Sawa wapi! Egesha pembeni." Alingoja gari lisimame. "Haya, profesa. Leo piga hesabu nzima, siyo ile nusu unayoipenda. Kulimaliza lori unataka mita arobaini. Kwa mwendo huo wako wa baiskeli, sekunde ngapi?"

Shemeji alichora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. "Kumi na nne."

"Na anayekuja naye yuko themanini. Mnafuatana au mnakutana?"

"Tunakutana. Mia na sitini."

"Kwa sekunde hizo kumi na nne, mnamaliza mita ngapi?"

Kidole kilichora, kikasimama. "Zaidi ya mia sita."

"Na mbele yako zilikuwepo mia tatu! Watoto wa watu unawafundisha nini, wewe? Huoni hata haya!"

Alikuwa na mengine ya kumpasha, lakini shemeji hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anakitazama kiti alichokalia mwalimu.

"Jumapili niliazima gari la jirani," alisema polepole. "Nikapita basi hivi hivi. Mdogo wako alikuwa amekaa hapo."

 Mwalimu akauchomoa ufunguo.

"Shuka," alisema. "Zunguka, ukae huku wewe."