Turubai la Karavani Iliyouzwa

Magesa alikuwa fundi turubai, na alichokipenda kwenye kazi hiyo ni kwamba turubai halibishani na mtu. Likate, likunje, lichome sindano ya magunia, lenyewe kimya. Labda ndiyo maana walielewana.

Turubai la safari hii lilikuwa la karavani, ile nyumba ya magurudumu ambayo wazungu huivuta nyuma ya gari. Yeye na mkewe Rhobi waliwahi kuwa nayo moja ndefu, iliyoachwa Musoma na watalii baada ya ekseli kukatika. Ekseli ikaungwa, Rhobi akaigeuza mgahawa. Turubai lilifungwa ubavuni likawa ukumbi wa wateja, na sato wake wa kukaanga, kwa ugali wa muhogo, akajulikana hadi Bugwema. Kisha akaja Enos, kaka mkubwa wa Magesa, ameongozana na mnunuzi na pikapu. Alisema mali ya mdogo ni mali ya ukoo, na ukoo una shida. Wakaifunga karavani mbele ya macho ya mwenyewe, wakaivuta. Turubai liliponea tu kwa kuwa Rhobi alikuwa amelifua na kulianika. Na Magesa? Magesa alikuwa anakula. Akaendelea kula.

Watu walimsifu eti kimya kingi kina mshindo mkuu. Wanausubiri huo mshindo mpaka leo.

Rhobi hakugomba. Alianza tu kwenda kwao Butiama kusalimia, na kila safari salamu zilizidi kuwa ndefu. Magesa akaingiwa na hofu. Akahangaika hadi akapata karavani nyingine Bunda, kwa fundi vyuma mmoja, fupi, chakavu, madirisha yote yamezibwa kwa bati. Akaiegesha kwenye kiwanja cha kupanga, njia ya Guta. Alitaka kitu kimoja: Rhobi aje alione turubai lake limesimama tena, aghairi kuondoka.

Lakini nguo ya mrefu haimkai mfupi. Turubai la karavani lina kamba nene iliyoshonewa ukingoni, nayo hutelezeshwa kwenye mfereji wa alumini ulio juu ubavuni. Mfereji wa hii ulikuwa mfupi, na turubai lilizidi huku na huku. Magesa akafumua, akapunguza, akapandisha pindo la chini. Upande wa kushoto palikuwa na mlango wa zipu. Alipopunguza, mlango ule ukaangukia kwenye tairi, akaona hauna kazi tena. Akaushona mishono miwili kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Ukabaki mlango mmoja, wa mbele. Fundi yeyote angefanya vivyo hivyo.

Rhobi alikuwa ameahidi kuja Jumamosi, na kweli akaja. Magesa alikuwa ndani ya karavani akikaza skrubu za ule mfereji aliposikia sauti yake nje. Akaweka bisibisi chini, akashika komeo atoke. Ndipo akasikia sauti ya pili, ya Bhoke, mama yake Rhobi. Mkono ukaganda pale pale.

Kwao mtu humheshimu mama mkwe wake kwa umbali. Humpisha njia, humwamkia akiwa kule, na kubanana naye chini ya paa moja ni aibu isiyoisha mpaka mbuzi achinjwe. Sasa Bhoke alishaingia ndani ya turubai, akavuta kiti cha plastiki, akakaa kwenye mlango wa mbele wa turubai, penye upepo. Magesa akatazama kila upande. Madirisha ni bati. Mlango wa karavani, pamoja na dirisha moja alilolizibua la kuuzia chakula, vinafungukia humo humo turubaini. Na mlango wa pembeni ameushona mwenyewe, na mishono yake anaijua, haifumuki kwa kuvuta.

Akajiketisha sakafuni, tuli kama maji ya mtungini.

"Kwa hiyo ndiyo hii," Bhoke alisema.

"Ndiyo hii, mama."

"Ameshona vizuri. Mkono anao huyu. Mdomo ndiyo hana." Kiti kililia. "Siku ile wanavuta mali yako, alisemaje?"

"Alikuwa anakula."

"Hata kusema, kaka, ngoja kwanza?"

"Mbele ya Enos hajasemaga kitu, mama. Tangu anioe."

"Na hii je, Enos akirudi na pikapu lake?"

Jua lilishapanda, na bati lilikuwa limeanza kuchoma. Jasho likamtiririka Magesa mpaka kwenye macho. Kikohozi kikampanda, akakiminya kwenye mkono wa shati, kikatoka nusu. Nje lori lilikuwa linapita, na Bhoke hakusikia.

Rhobi ndiye aliyejibu, na sauti yake sasa ilikuwa kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyekaa karibu hivyo.

"Mimi sidai karavani, mama. Nilikuwaga nayo. Nataka mume wangu aseme safari hii hapana. Nimsikie kwa masikio yangu. Akisema hata leo, hata sasa hivi, nabaki."

Neno lilikuwepo. Lilimfika Magesa kooni, fupi, jepesi, hapana. Akawaza: nikilisema, mama mkwe atajua nimo humu na nimesikia yote. Atakimbia amejifunika khanga uso mzima, na jioni Butiama yote itakuwa na habari. Nisipolisema, naye Rhobi anaondoka. Akaung'ang'ania mguu wa meza kama mtu anayejizuia asichukuliwe na maji. Alimpenda mke wake. Hilo tuliseme sisi, maana yeye hakulisema.

"Haya," Bhoke alisema, akainuka. "Natafuta bajaji itupeleke stendi. Nakusubiri barabarani."

Hatua zake zikapotelea mbali. Rhobi akasogea hadi kwenye mlango wa karavani.

"Magesa. Nimekusikia ukikohoa."

Magesa akauminya mguu wa meza kwa nguvu zaidi.

"Mama ameshatoka."

Hapo ndipo sauti ikampata. "Ningemvunjia heshima mama," alisema kupitia bati. "Mila unazijua, mke wangu. Mtu na mama mkwe wake hawawezi..."

"Nazijua. Na Enos? Naye ni mama mkwe wako?"

Magesa akafumbua kinywa. Kule barabarani Bhoke aliita. Rhobi hakuitika. Alingoja muda ambao mtu angeweza kusema neno moja, na la pili, na hata kuomba radhi. Kisha akatoka, na bajaji ikanguruma kuelekea stendi.

Magesa akafungua komeo. Mbele yake turubai zima lilikuwa tupu, kiti kimesogezwa kando na mlango uko wazi mpaka barabarani. Hapakuwa na mama mkwe wala kaka, hata mpita njia. Alisimama kizingitini akiutazama mlango ule, na miguu ikakataa kutoka.