Mgeni Aliyesuka Kinyume

Kabla hatujapanda boti ya watalii, Mama aliniomba jambo moja tu: nisimwambie mtu yeyote kisiwani kwamba yeye ni mzaliwa wa pale.

"Leo mimi ni mgeni," alisema, akivaa miwani myeusi iliyomfunika nusu ya uso. "Nimwone dada yangu kwa mbali, nijue yu mzima. Basi."

"Mama, kwa miwani hiyo umekuwa kama nzi."

"Nzi haulizwi katoka wapi."

Alikuwa ameondoka kisiwani akiwa msichana, akaolewa na baba yangu, mtu wa ng'ambo na wa dini nyingine. Dada yake, aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, alimwambia akivuka maji asirudi. Akavuka. Baba alipofariki, Mama akaanza kumtaja dada yake katika kila sala, na mimi nikawa naitikia amina bila kujua nifanye nini zaidi. Ndipo nilipoliona tangazo la safari ya siku moja: mahekalu, makasri ya wafalme na vijiji vya asili. Kijiji kimojawapo kilikuwa chao.

Kiongozi wetu tulimpa jina la Spika, maana alizungumza na watu kumi kana kwamba ni uwanja mzima. Alitupeleka kwanza hekaluni. Tulivua viatu. Mlango ulikuwa mfupi, na wenzetu wawili waligonga vichwa, lakini Mama aliinama mapema bila hata kutazama juu.

"Mama, umewahi kufika hapa?" Spika aliuliza.

"Nimewahi kugonga kichwa kwingine."

Ndani kulikuwa na ubaridi, na mawe ya sakafu yalikuwa yamelika kwa nyayo za watu waliokuja na shida zao kabla yetu. Haikuwa nyumba ya dini yangu, lakini nilifumba macho. Nilimwomba Mungu asimrudishe Mama nyumbani na mzigo ule ule aliokuja nao.

Kwenye kasri tulionyeshwa kitanda cha mfalme nyuma ya kioo. "Mfalme mzima, kitanda cha mtoto," Mama alisema, watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kadiri tulivyokaribia kijiji ndivyo alivyozidi kunishika mkono.

Kijijini nyua zilikuwa zimefagiliwa, na wageni tulipangwa mbele ya baraza moja. Bibi mmoja mwembamba alikuwa amekaa chini, akiwaonyesha watu jinsi ya kusuka majani kuwa ukanda mrefu, ambao baadaye hushonwa kuwa mkeka.

"Ndiye," Mama alinong'ona. "Amekonda, jamani."

"Nani anajaribu?" yule bibi aliuliza. "Msiogope, majani hayang'ati."

Hakuna aliyejitokeza. Spika akapaza sauti: "Huyu hapa, mama wa miwani!" Watu wakapiga makofi. Kukataa kungemfanya atazamwe zaidi, kwa hiyo Mama akakaa. Nadhani alikusudia kujifanya hajui. Lakini alipopewa majani, vidole vilianza kazi vyenyewe, upesi, kama nilivyoviona miaka yote nyumbani.

Mama mkubwa aliacha kutabasamu. Akaisogeza kazi yake karibu na ya Mama. Hapo ndipo nami nilipoona: ya Mama ilikwenda kinyume. Kila jani lililopaswa kupita juu kutoka kulia, lake lilitoka kushoto.

"Hapa hakuna anayesuka hivi," Mama mkubwa alisema polepole. "Nilimfundisha mtoto mmoja, nimekaa mbele yake uso kwa uso, akaniiga kama anajitazama kwenye kioo. Sikumrekebisha. Alikuwa ananichekesha."

Mama akavua miwani. "Dada."

"Usiniite dada mbele za watu. Mumeo yuko wapi?"

"Nimemzika."

"Hukunipa habari."

"Kila niliyemtuma kwako ulimfukuza."

"Nilimfukuza, ndiyo. Kisha nikamngoja mwingine." Aliyakusanya majani mapajani, akayaachia. "Wewe ukaacha kutuma."

Spika, kwa mara ya kwanza siku ile, alizungumza kwa sauti ya chini: boti ilikuwa inatusubiri. Wenzetu wakaanza kuondoka, wengine wakigeuka nyuma kutazama. Mama alipangusa macho, akajiinua. Niliona kwamba anaondoka, na kwamba safari hii haitarudiwa tena.

Mama mkubwa aliweka kiganja juu ya ule ukanda.

"Umelegeza hapa. Fumua."

"Dada, boti…"

"Nimesema fumua. Mtu akilala juu ya mkeka huu si atatokea upande wa pili?"

Mama alikaa. Nilimkimbilia Spika, nikamwambia waende bila sisi. Tutatafuta usafiri kesho. Nikamshukuru Mungu njiani, kwa sauti, bila kujali nani ananisikia.

Niliporudi, Mama alikuwa anatoa jani moja moja, na dada yake anayapokea na kuyanyoosha. Hawakutazamana. Nikakaa pembeni. Mama mkubwa akauliza, macho yakiwa kwenye majani:

"Alikuwa mtu wa namna gani, huyo mume?"

"Mpole," Mama alisema. "Mbishi, lakini mpole." Akaanza kusimulia.