Namna Boti ya Babu Ilivyopimwa Maji

Kwa faida ya wasomaji wasioifahamu Sepuka, naomba nieleze kwamba kijiji chetu hakina bahari wala ziwa, na kijito chetu hukata tamaa mwezi wa sita, ila boti tunayo. Ni boti ya faiba, ndefu kama trela la trekta, yenye rangi ya bluu iliyopauka kama sare ya shule iliyorithiwa na wadogo wengi. Imelala kando ya zizi la babu yangu, mzee Hezekia, tangu kabla sijazaliwa, na pua yake imeelekea barabarani kana kwamba inangoja lifti.

Ilifikaje huko? Mradi mmoja wa samaki ulikufa kando ya ziwa, kama miradi inavyokufa, na mali zake zikapigwa mnada. Babu alikwenda kununua tangi la maji. Tangi likachukuliwa na mtu mwenye sauti kubwa kuliko yake. Lakini babu alikuwa ameshakodi lori, na kwa mwanamume wa Sepuka kurudi na lori tupu ni kama kurudi kutoka kuposa bila jibu. Akarudi na boti. Bibi Selina, mke wake, aliitazama ikishushwa, akauliza bomba lake linafungwa upande gani. Tangu siku hiyo kuku walitagia ndani yake, mashudu ya alizeti yakahifadhiwa humo, na kila babu alipokwenda mnadani watu walimwuliza kwa heshima zote kama bahari imeshafika.

Mimi naitwa Redempta. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, ambako nimefundishwa nidhamu, uzalendo, na namna ya kuweka chura kwenye sanduku la kiranja bila kuacha alama. Niliporudi nyumbani likizo fupi ya Oktoba, nilikuta taifa letu dogo limo kwenye mjadala mzito. Baba mdogo Calist, kitinda mimba wa babu, alikuwa amerudi kutoka Mwanza.

Huko Mwanza alikuwa anauza makava ya simu karibu na mwalo wa wavuvi, na kwa kuwa mwalo una boti, alirudi akiwa mtaalamu wa boti. Hoja yake ilikuwa kwamba boti ya babu ikarabatiwe, ipelekwe Ziwa Singidani, ianze kubeba maharusi wa Singida mjini wakipigwa picha. Alikuwa ameona kwenye simu Wazungu wakifufua boti zilizooza kuliko yetu. Alituonyesha, nasi tukainama juu ya simu ile kama watu wanaoombewa. Boti ilianza ikiwa imechakaa, ukapigwa muziki, ikamaliza ikiwa inang'aa.

"Sharti ni moja tu," alisema baba mdogo, kidole juu. "Faiba hukarabatiwa ikiwa kavu. Tone moja likibaki ndani, kazi yote bure."

Gundi na kitambaa cha kuzibia nyufa vilikuwa Mwanza. Fedha za kuvifuata zilikuwa zizini, zikicheua. Yaani Diwani na Mtendaji, maksai wetu wa kulimia. Babu ndiye aliyewapa majina hayo, kwa sababu mmoja huvuta na mwingine huongozana naye akitazama mashamba. Bibi ndiye aliyelima nao, msimu kwa msimu, alizeti na mtama. Bila wao, mvua zikianza, angerudi kwenye jembe la mkono na goti lake lile ambalo hata kupanda ngazi ya kanisa linalalamika. Hilo ndilo lililokuwa linaamuliwa, ingawa kwenye kikao liliitwa chanzo cha mtaji.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kupanda boti isipokuwa mwenye hoja, maoni yalikuwa mengi. Mzee mmoja wa ukoo alitaka kujua breki zake ziko wapi. Baba mdogo alijibu kwamba Mwanza boti hazina breki. Mzee akasema amesikia, na kwamba sasa ameelewa kwa nini kijana amerudi nyumbani mapema. Babu hakucheka. Alitaka sana boti ile ifufuke, nami nilimwelewa: mtu akichekwa kwa kitu kimoja miaka yote, siku moja hutamani kitu hicho kielee mbele ya wachekaji.

Bibi aliulizwa wa mwisho, kama inavyofaa kumwuliza mtu ambaye jambo linamhusu kuliko wote. Alisema boti ni ya babu na ng'ombe ni wa babu, na kwamba mtama haujipepeti wenyewe. Akaendelea kupepeta.

Akaitwa mtaalamu. Huyu alikuwa fundi Chediel, Mnyiramba wa Misigiri aliyehamia kwetu, ambaye huziba mabeseni na madumu kwa kisu cha moto. Aliizunguka boti polepole, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio kama anayechagua tikiti.

"Ninyi Wanyaturu mna mambo," alisema. "Mnyiramba akikosa tangi, hununua ndoo."

Babu alimwambia hakuitwa kwa utani, ameitwa kwa kazi. Chediel akaendelea na kazi, mpaka alipogundua tundu nyuma ya boti, chini kabisa, la mviringo, limekatwa vizuri. Alisimama akatikisa kichwa. Baba mdogo alieleza kwamba boti zote zina tundu hilo, ni la kutolea maji yanayoingia, na lina kizibo chake. Chediel alijibu kwamba chombo kilichotobolewa na mwenyewe aliyekitengeneza ni kesi ya polisi, si ya fundi. Kikao kikagawanyika. Wengine walisema boti ni nzima ila imezeeka, wengine kwamba ni maiti iliyokataa kuzikwa, na jua likazidi kutuchoma.

Hapo nikanyosha mkono. Niliomba radhi kwa umri wangu, nikawashukuru wazee kwa hekima yao, kisha nikasema hivi:

"Shuleni tumefundishwa kwamba ukuta unaomzuia mwizi asiingie ndio huohuo unaomzuia mwenye nyumba asitoke. Basi kama maji hayatoki ndani ya boti, hayawezi kuingia kutoka nje. Naomba tuijaze maji, tuone."

Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Kwetu chombo ni kitu cha kujazwa. Mtungi hujazwa, dumu hujazwa, na hakuna mwanamke wa Sepuka anayenunua ndoo bila kuitia maji na kuikagua kwa chini. Wazo la chombo kinachosifiwa kwa kubaki kitupu huku maji yamekizunguka lilikuwa geni hata kwa wazee. Kikao kikaguna kwa kuridhika. Baba mdogo Calist alifungua mdomo, akawatazama wazee, akaona kwamba akipinga ataonekana anaogopa matokeo, akaufunga.

Babu akatoa uamuzi. Boti ijazwe. Ikishika maji mpaka asubuhi, Diwani na Mtendaji wanakwenda mnadani wiki hiyo hiyo. Ikivuja, neno boti lisitajwe tena katika mji wake.

Nilikaa nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Boti ile ilikuwa na nyufa kama visigino vya mwezi wa nane. Nilijua ingekuwa imekauka kabla ya ugali wa jioni, maksai wangesalimika, na mimi ningepata hadithi ya kupeleka bwenini. Nilimkonyeza bibi. Hakunikonyeza. Aliuliza tu maji ya kujaza kitu kile yatatoka wapi, akaambiwa kwenye pampu ya kijiji, akainuka akajikung'uta.

Tundu tuliliziba kwa gunzi la mahindi. Maksai wakafungwa kwenye mkokoteni, mapipa yakapakiwa, wakaanza kwenda pampuni na kurudi. Hakuna kesi nyingine ninayoijua ambayo mshtakiwa alibebeshwa ushahidi wa kumfunga, akaubeba bila kinyongo. Diwani alivuta. Mtendaji aliongozana naye.

Lakini mapipa hayakutosha, na hapo bibi akafanya jambo lililonishangaza. Alipita nyumba hadi nyumba, na goti lake lile, akiomba kila jirani amsaidie walau ndoo moja. Wakaja. Mama Amne alikuja na ndoo mbili, mwalimu akaleta dumu, na watoto wa mitaa ya juu wakaja na chochote kilichoweza kushika maji. Nilimwendea nikamnong'oneza kwamba anawasaidia maadui.

"Tulia, mke mwenzangu," aliniambia. "Wewe umeshamaliza kazi yako."

Boti ikajaa mpaka karibu na ukingo. Nyufa zililia kidogo, zikanyamaza. Vumbi la miaka yote ile, mashudu, na mambo mengine ambayo kuku wameyaacha humo, yalikuwa yamelowa na kuvimba na kuziba kila mahali. Nilikwenda kulala nikiiombea boti itoboke.

Asubuhi ilikuwa imejaa vilevile. Babu alichovya kidole, akakitazama kwenye mwanga, akatabasamu kama bwana harusi. Baba mdogo alipiga picha. Alisema ni lazima ikauke upesi ili aondoke kwenda Mwanza na fedha za ng'ombe, akazunguka nyuma, akainama, akashika gunzi.

Ila ng'ombe walikuwa wameshafika. Oktoba kwetu ng'ombe husikia maji kwa pua, na mifugo ya majirani, iliyokuwa ikipita kufuata maji ya mbali, ilikuwa imekata kona yenyewe. Walijipanga pande zote mbili za boti kama abiria, wakinywa kwa adabu. Diwani na Mtendaji walikuwa mstari wa mbele. Nyuma yao walisimama wenye ng'ombe, na nyuma ya hao, wale walioleta ndoo jana, waliokuja kuona matokeo.

Bibi alitoka jikoni akifuta mikono.

"Unafanya nini, Calist?"

"Namwaga maji, mama. Si ikauke?"

"Maji ya nani?"

Baba mdogo aliwatazama watu.

"Humo mna ndoo mbili za mama Amne," bibi alisema, bila kupaza sauti. "Mna dumu la mwalimu. Mna maji ya watoto waliotoka mitaa ya juu wakiwa peku. Mimi sina ugomvi na boti. Ni yako na baba yako, ichukueni hata sasa hivi. Maji ya watu mtuachie."

Fundi Chediel alivua kofia. "Wachukue boti, waache maji," alisema. "Mama, hata sisi Misigiri hatujafika huko."

Watu wakaangua kicheko, kisha wote wakamgeukia babu. Naye aliwatazama. Kumwaga maji ya jirani mwezi wa kumi, mbele ya jirani mwenyewe akiwa ameshika ndoo tupu, ni jambo ambalo mtu angelisikia mnadani mpaka kaburini, na lile la bahari lingeonekana sifa. Aliniita nisimame karibu, sijui kwa nini. Labda alitaka msomi ashuhudie.

"Calist," alisema, "ni wewe uliyesema faiba haiguswi ikiwa na maji."

"Nilisema, baba, lakini..."

"Basi ng'ombe hawauzwi mpaka boti ikauke. Na hakuna wa kuimwaga. Itakauka yenyewe."

Baba mdogo alitazama ng'ombe wanavyokunywa, akapata matumaini. Kwa mwendo ule, kabla ya wiki kwisha boti ingekuwa kavu. Hapo ndipo alipoonyesha kwamba amekaa Mwanza mno. Huku kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukipewa bakuli la maharage, unalirudisha na chochote, hata mayai mawili. Jioni ile kila aliyekuwa amenyweshea ng'ombe wake alipita pampuni, akaja na ndoo, akaimwagia boti, akamwambia babu asante. Kesho yake vilevile. Baba mdogo alikaa juu ya kinu akiwatazama, na kila aliyepita alimsalimia na kumpongeza kwa mradi.

Nilikuwa nimezoea kujihesabu kuwa mtundu wa kwanza katika ukoo huu. Niliondoka kurudi shuleni nikiwa wa pili, na wa kwanza alinifungia karanga kwenye mfuko na kuniagiza nisome kwa bidii.

Likizo ya Desemba nilikuta mvua zimeanza na boti inafurika. Bibi alikuwa shambani, amekaa kwenye kichuguu akiwa amenyosha goti lake, anaelekeza. Mbele yake Diwani alikuwa anavuta na Mtendaji anaongozana naye, na nyuma ya plau alikuwa baba mdogo Calist, matope mpaka magotini. Nilimwamkia. Kabla hajajibu simu yake ikaita. Alikuwa rafiki yake mmoja wa Singida mjini, mpiga picha za harusi, akiuliza boti imefikia wapi.

Baba mdogo alijifuta jasho, akatazama kule zizini.

"Maji tumeshapata," alisema. "Sasa hivi tunashughulikia ziwa."

Bibi akamwambia aweke simu mfukoni, ng'ombe wamefika mwisho wa shamba, awageuze.