Sampuli ya Mwanamke

Fundi cherehani aliporudi kliniki kwa mara ya tatu na ugonjwa ule ule, muuguzi alimtazama kwa huruma mbaya, ile ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba wewe ni mwongo ila hataki kukuumiza.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "kisonono hakijirudii chenyewe. Sindano nimekuchoma mimi, vidonge umemeza nikikuona. Kikirudi, ujue kuna mtu amekurudishia."

"Mtu gani? Tangu sindano ya kwanza nalala kwa mama yangu. Kitanda kimoja."

Pazia likavutwa. Mama mtu alikuwa nyuma yake muda wote, akisikiliza kila neno bila chembe ya aibu.

"Kitanda kimoja, mwanangu, na mimi usingizi wangu mwepesi. Akigeuka najua. Akienda chooni namsindikiza. Sasa niambie, huyo bwana alipita wapi? Chini ya godoro?"

Muuguzi aliuma midomo asicheke. Fundi hakucheka. Alikuwa na mambo mazito kuliko kicheko.

Mumewe alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa suruali zenye mstari na maneno ya kupima. Dalili zilipomtokea yeye, alikwenda duka la dawa jioni, akanunua vidonge nusu dozi, akameza, akanyamaza. Dalili zilipomtokea mkewe, mwalimu akapata sauti. Alisimama katikati ya chumba cha kushonea, wateja wamekaa, akatangaza kwamba mke wake kaleta maradhi ndani ya nyumba. Akamtoa. Binti yao wa miaka sita akabaki kwa baba, na sharti likawekwa: mama akitibiwa akapona moja kwa moja, atamwona mtoto. Ugonjwa ukirudi, basi ni ushahidi kwamba hajatulia, na mtoto asahau.

Na ugonjwa ulikuwa unarudi. Kila ulivyorudi, binti alizidi kwenda mbali.

Ukutani mle kliniki palikuwa na bango kubwa la serikali. Fundi alikuwa amelisoma katika kusubiri kwake kote, mpaka akalijua. Lilisema kliniki hii ni mojawapo ya vituo vilivyochaguliwa kufuatilia kisonono sugu nchi nzima: sampuli inachukuliwa, vijidudu vinaoteshwa maabara, vinajaribiwa kwa dawa mbalimbali ionekane ipi bado inaua na ipi imeshindwa. Matokeo yanakwenda makao makuu, na huko ndiko inakoamuliwa watu watibiwe kwa dawa gani.

"Nifanyieni hicho," alisema, akinyoosha kidole.

Muuguzi alivuta pumzi. "Hicho ni cha wanaume peke yao."

"Kwa nini?"

"Mwongozo ndivyo unavyosema. Kwa mwanamume kijidudu kinapatikana kirahisi. Kwa mwanamke kinachanganyika na vingine, kazi inakuwa ndefu. Halafu kile si cha kutibu mtu, dada, ni cha kuhesabu."

"Basi nihesabuni! Mnahesabu nchi nzima, mimi nimetoka nchi gani?"

Muuguzi, kwa kuwa hakuwa mtu wa moyo mbaya, alichukua kijiti chenye pamba, akafanya kazi yake, akakitia ndani ya bomba dogo la kioo. Lakini bomba lile halikuwa na kibandiko cha ufuatiliaji, kwa hiyo mhudumu aliyepita kukusanya sampuli aliliweka pamoja na mikojo ya wajawazito. Akaviingiza vyote kwenye friji, kwa uangalifu kabisa, kama alivyofundishwa.

Majibu yakatoka: hakuna kilichoota.

"Hongera, umepona," alisema muuguzi.

"Nimepona?" Fundi alisimama. "Tumbo linanikata, nguo nabadilisha mara mbili kwa siku, na wewe unanipa hongera?"

Sauti yake ilifika maabara. Mpimaji, mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatoka kuja kuona kuna moto gani. Alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu, sampuli ile ilikaa wapi kabla ya kumfikia. Muuguzi akamwita mhudumu. Mhudumu akasema, kwa fahari, kwenye friji.

Mpimaji alishika kichwa. "Jamani! Hawa wa kisonono baridi inawaua. Wanataka joto kama la mwili. Mmeniletea maiti, mimi nikaandika hakuna mtu!"

Kumbe mwanamke angeweza kuandikwa amepona, kesho ugonjwa ule ule ukaitwa mpya, akapoteza mtoto kwa sababu ya friji. Wazo hilo lilimpandisha fundi hasira, na hasira ile ikamfaa. Sampuli ya pili ilipochukuliwa hakukubali iguswe na mtu wa tatu. Aliongozana na muuguzi koridoni bega kwa bega mpaka mlango wa maabara, mama yake mbele akisafisha njia: "Tupisheni, tupisheni, huyu hataki baridi!" Mpimaji alipaka ile pamba kwenye kisahani kilichotoka kupashwa joto, akakiweka ndani ya mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, akafunga kifuniko. Alieleza kwamba mshumaa ukishakula hewa na kuzimika, inayobaki ndiyo hewa wanayoipenda wadudu hawa. Fundi alisimama pale pale mpaka mwali ukasinyaa na kufa. Ndipo akaenda nyumbani.

Safari hii waliota. Mpimaji aliwahamishia kwenye kisahani kingine, akalaza juu yao vijikaratasi vyembamba vyenye dawa, na majibu yalipokuwa tayari alimwita fundi aje ajionee mwenyewe.

"Tazama hapa. Dawa inayofanya kazi, vijidudu vinaikimbia, panabaki peupe. Unaona hapa peupe? Hii inafanya kazi. Sasa tazama hii. Ndiyo sindano uliyochomwa mara tatu. Ndiyo tunayoitegemea sote."

Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka kwenye karatasi yenyewe, vimeikumbatia.

Fundi alijua anapaswa kuogopa. Kama dawa ile imeshindwa kwake, imeshindwa kwa wengine, na wengine hao wako mitaani hawajui. Lakini kilichomjaa kifuani kilikuwa furaha tupu. Hakuwa mwongo! Alilia mbele ya mpimaji, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akaenda kuchomwa sindano ya aina nyingine. Hiyo ikamponya.

Habari zilifika makao makuu, na mkuu wa ufuatiliaji akafunga safari mwenyewe. Siku hiyo mwalimu naye aliitwa, maana dalili zake hazikuwahi kuondoka. Alikuwa amezizoea kimyakimya. Wakaketi chumbani kwa muuguzi: mkuu, mpimaji, mume, mke, na mama mtu ambaye hakualikwa na hakuna aliyethubutu kumtoa.

"Umetusaidia sana, mama," mkuu alimwambia fundi kwa upole. "Hiki ndicho kisa cha kwanza kuthibitika nchini. Tatizo letu ni dogo. Mwongozo hauna nafasi ya wanawake. Ila mumeo yupo, ana dalili. Tutachukua yake, na bila shaka ni kijidudu kile kile. Kisa kitaingia kwa sampuli yake. Wewe tunahitaji kibali chako tu, tubaki na ile yako kama akiba."

"Mimi sina pingamizi," alisema mwalimu haraka. Alionekana kupendezwa. Kisa cha kwanza nchini!

Fundi aliwatazama wote wawili.

"Kibali sitoi."

"Mama, hii ni kwa faida ya taifa..."

"Najua. Ndiyo maana nataka iandikwe kweli. Nani alirudi hapa mara tatu? Nani aliitwa malaya? Huyu alikuwa wapi? Yake iandikeni, ni haki yake. Yangu iandikeni yangu, mwanamke, na ndiyo ya kwanza. Kama mwongozo hauna nafasi, huo mwongozo una watu waliouandika, na watu wana kalamu."

"Amesema," mama yake aliongezea.

Mkuu alimgeukia mpimaji. Mpimaji akavua miwani na kuanza kuifuta, wala hakumsaidia. Mkuu akatoka na simu yake. Walimsikia koridoni akibishana, akinyamaza, akibishana tena, kisha akirudia neno moja kwa nguvu: mwanamke, nimesema mwanamke. Aliporudi alikuwa na jasho. Fundi akatia sahihi.

Mwalimu alikohoa. "Haya, mama watoto. Yamekwisha. Tulikoseana."

"Hatukukoseana. Ulinikosea."

Muuguzi alikuwa amesimama na kijiti mkononi, akimngoja mwalimu nyuma ya pazia. Mwalimu aliinuka, akafungua kifungo cha koti, akageuka. Kwa mara ya kwanza alionekana mwenye hofu.

"Utanisubiri?"

"Hapana," alisema fundi, akichukua mkoba wake. "Nakwenda shuleni kumchukua mwanangu."