Yai la Kubakiza

Kuku wa mwisho alikataa kukamatwa. Wenzake arobaini walikwisha kuingia kwenye matenga bila fujo, maana walimzoea Joha tangu wakiwa vifaranga. Huyu alijikunyata kwenye kona ya banda, akavimbisha manyoya, akamdonoa mkono mpaka damu ikamtoka.

"Wewe peke yako ndiye mwenye akili humu," Joha alimwambia.

Miaka mitatu nyuma, watafiti wa kituo hiki cha utafiti cha Msalato walipotafuta kuku wa kienyeji, Joha aliwapa mayai ya kuku wake wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, kizazi alichoachiwa na marehemu mama yake. Wakayapeleka maabara kuhariri vinasaba. Alivyoelezwa ni kwamba wamebadilisha kitu kidogo mno ndani ya mbegu ya kuku, ili ugonjwa wa mdondo ukija usipate pa kuingilia. Mambo ya vinasaba hakuyaelewa sana, lakini mdondo aliujua. Kwao Kondoa, kiangazi kikikaza, unaweza kuamka ukakuta banda zima limelala miguu juu.

Wakamwajiri awatunze kuku walioanguliwa, kwa sharti moja: mhudumu asifuge kuku nyumbani, asije akawaletea ugonjwa. Joha akakusanya kuku wake wote akawapeleka kwa dada yake, Mwanaidi. Septemba mdondo ukapita, hakikubaki hata kifaranga. Mwanaidi alipiga simu akilia, akamwomba angalau jike na jogoo kutoka kazini. Joha akaahidi. Sasa aliahidi kwa mamlaka ya nani?

Wale wa kituoni waliambukizwa mdondo makusudi na hakufa hata mmoja. Watu walipiga makofi, wakapiga picha. Kisha ikaja barua: jaribio limekwisha, na kwa mujibu wa kibali kuku wote wauawe wachomwe, asitoke hata mmoja. Wiki tatu Joha aliendelea kuwalisha huku anajua.

Angemfokea nani? Daktari Imrani, msimamizi wa jaribio, alikuwa kijana mpole aliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, na upole huo ndio uliomchoma Joha kuliko kitu chochote. Alimwomba kuku wawili, akakataliwa kwa adabu. Akaomba basi wachinjwe kwa bismillahi, wasife kama mizoga. Akajibiwa kwamba hakuna atakayewala, kwa hiyo watavutishwa gesi.

"Hata mimi inaniuma, mama," Imrani alisema. "Lakini wakitoka nje kabla hatujajua kila kitu, hawarudishiki tena."

"Na wa kwangu je, daktari? Wanarudishika?"



Sasa, bandani, Joha akapitisha mikono yote miwili chini ya yule kuku wa mwisho, akamwinua, akamtia tengani. Pale alipokuwa ameatamia palikuwa na yai moja, limechorwa mstari wa mkaa.

Alilichora mwenyewe. Kituoni mayai yote yalitakiwa kutolewa kila siku, lakini mama yake alimfundisha kubakiza moja, kuku asihame kiota, na mkono ulishazoea hivyo. Alilitia alama ili kesho yake alitoe na kubakiza jipya. Tangu ije ile barua, hakuwa na moyo wa kulibadilisha. Alipoona kuku ameanza kuatamia, alijifanya hajaona.

Akalichukua. Nyuma yake Imrani alikuwa amefika mlangoni na karatasi ya kutia saini. Joha alishaisoma asubuhi: kuku arobaini na mmoja, mayai hakuna.

"Tayari, mama?"

Joha hakugeuka. Yai lilikuwa la moto kiganjani, mkaa umefifia. Kwa ndani kitu kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena.