Valvu za Marehemu Apollinarie

Mimi ndiye niliyesema valvu za Josephina ni feki. Nilisema stendi, nikasema sokoni, na Jumapili moja nikasema nje ya kanisa watu wakiwa bado hawajatawanyika. Naanza na hilo kwa sababu yaliyofuata yalinishtua kiasi kwamba mpaka leo nikishika bisibisi mkono unakuwa mzito.

Jina langu Edgar, fundi redio wa Misunkumilo, hapa Mpanda. Amplifaya yenyewe ilikuwa ya rafiki yangu Apollinarie, mpiga gitaa wa Kakese, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Ni ya zamani, watu wawili wanaibeba kwa kupumzika njiani, na haitumii transista bali valvu: chupa mbili za kioo zinazowaka ndani na kuisukuma sauti ya gitaa mpaka kwenye spika. Alimwachia binti yake Josephina, ambaye sasa anapigia kwaya ya kigango. Mimi aliniachia kitu kingine. Akiwa kitandani, sauti imebaki kidogo, alinipa kopo la maziwa ya unga lenye valvu mbili zimeviringishwa kwenye soksi.

"Hizi ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kupigia," akasema. "Mtunzie Josephina. Siku ya jubilei ya kigango azipigie."

Nilizitunza. Nilihama nyumba mara mbili na kopo nikalibeba mwenyewe mapajani.

Jubilei ilipokaribia, mji wetu ulikuwa umeshapata umeme wa gridi, yale majenereta tuliyoyazoea yamenyamaza, na kila mtu anasifia taa zake. Ndipo valvu za siku zote kwenye ile amplifaya zikafa. Josephina akaagiza jozi mpya kutoka Dar, ikaja na basi. Ikadumu wiki moja. Akaagiza ya pili, nayo ikaungua ndani ya siku sita. Mimi nikapata la kusema. Nikasema vijana wa siku hizi wanauziwa chochote kinachong'aa. Watu wakacheka, na mimi nikiona watu wanacheka huwa sijui kuacha. Mwishowe Mwalimu Simon, kiongozi wa kwaya, akamwambia Josephina kwamba kama mambo ni hayo, siku ya jubilei watatumia kinanda, naye akae na waimbaji wa sauti ya pili.

Josephina akaagiza jozi ya tatu. Alikuja nayo kwangu Jumamosi asubuhi, gitaa mgongoni, Mwalimu Simon nyuma yake. Nilikuwa nimewaita mwenyewe. Nilitaka kuzipambanisha valvu zake na za baba yake mchana kweupe, ili jambo liishe.

Nikaanza na zake. Akapiga taratibu. Sauti ilikuwa safi, lazima niseme, kila uzi unausikia peke yake, ila kwangu ilikuwa nyembamba, haina nyama. Dakika kama kumi hivi, bati la ndani ya kioo likaanza kuwa jekundu kama kaa la mkaa. Nikazima haraka.

"Mnaona nyie wenyewe," nikasema. "Valvu nzima haifanyi hivi."

Josephina aliinama akaangalia nyuma ya amplifaya. "Baba mdogo, ungepima kwanza umeme."

Hapo nikapandwa na hasira. "Nipime nini? Umeme wa Mpanda naujua kabla hujazaliwa."

"Basi tusiweke za baba. Tuziache mpaka siku yenyewe."

Mwalimu Simon naye akasema tungoje. Lakini mimi nilishafungua kopo. Nilizifuta kwa shati langu, nikazichomeka, nikasubiri zipate moto. "Piga," nikamwambia.

Akapiga wimbo wa baba yake, ule wa kuingilia ukumbini. Nilijua kwamba zitakuwa nzuri, lakini sikujua kiasi kile. Sauti ilikuwa nene, yenye joto, inakaa hewani kidogo kabla ya kuondoka. Nilimsikia Apollinarie. Mwalimu Simon alivua kofia. Josephina alikuwa amefumba macho, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Halafu bati likawa jekundu.

Sikuamini. Nilibaki nimesimama naangalia, mkono hauendi kwenye swichi. Mwanga wa bluu ukapiga ndani ya kioo kimoja, ukasikika mlio mkavu, kioo kikapasuka. Cha pili kikafuata hata kabla sijaivuta waya ukutani. Chumba kikanuka vumbi lililoungua. Nikajikuta nimekishika kile kilichobaki kwa vidole vitupu, na sikusikia kuungua.

Miaka kumi na moja, na zimepiga dakika tatu.

Nikachukua mita, nikapima ukutani. Volti mia mbili arobaini. Nikapima tena, maana nilidhani mita imekufa. Enzi za majenereta, jioni ulikuwa unapata mia tisini, ukibahatika mia mbili, ndiyo maana sisi mafundi wote wa hapa tulikuwa na desturi moja: mashine ya valvu ikija, unageuza kile kiswichi cha nyuma cha kuchagulia umeme, unakishusha kwenye mia mbili ili iweze kupumua. Nikaigeuza amplifaya. Kiswichi kilikuwa kwenye mia mbili, kimezibwa kwa nta ya mshumaa, na juu yake kumeandikwa kwa kalamu: Fundi Edgar, 2003, usiguse.

Mwandiko wangu. Nikakaa chini sakafuni.

Mwalimu Simon alisoma, akaniangalia, akasoma tena. "Kwa hiyo zile za mwanzo zote zilikuwa nzima?" akauliza.

Nikamwonyesha mita: kiswichi kikiwa mia mbili, umeme huu wa gridi uliziunguza zote. Josephina alichukua kile kiplastiki chake cha kupigia nyuzi za gitaa, akakwangua nta polepole, akakisogeza kiswichi mpaka mia mbili arobaini. Kisha akarudisha jozi yake ya tatu, akawasha, akapiga. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita. Bati halikubadilika rangi.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

Alizima. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. "Baba mdogo, hapa tuko watatu tu. Ulinisema stendi, ukanisema sokoni na kanisani. Anzia stendi."

Nilikwenda kwa miguu, vidole vimefungwa kitambaa. Pale stendi wapakia mizigo waliponiona wakaanza kucheka kabla sijafika, na mmoja akaniuliza kama nimeshamshinda yule binti wa valvu feki.

"Valvu za Josephina zilikuwa nzima," nikawaambia. "Nimeziua mimi. Na za baba yake pia."